NGUZO ZA ZAMANI ZA VITUO VYA MAFUTA: KUZIKAGUA, KUZITENGENEZA NA KUZIPAKA RANGI UPYA

Mazungumzo kwa viongozi na wanachama wa vyama vya msingi vya Kasulu na Kibondo



Kando ya barabara nyingi za bara, mbele ya maduka ya kale na maghala ya mazao, husalia nguzo za chuma zisizo na kazi. Zamani juu yake palining'inia kibao cha kampuni ya mafuta, na chini yake palikuwa na pampu. Pampu imekwisha kuondolewa, kibao kimepotea au kimeliwa na kutu, lakini nguzo ingali imesimama. Mpita njia huiona kuwa takataka, na mnunuzi wa vyuma chakavu huiona kuwa kilo kadhaa za biashara. Chama kilichorithi kiwanja chenye nguzo ya namna hiyo hakina budi kuiona kuwa mali, tena mali yenye maswali yanayotaka majibu kabla mtu hajashika nyundo wala brashi.

Mazungumzo haya yanahusu maswali hayo. Yanaeleza zilikotoka nguzo hizo, hatari zilizojificha ndani yake na chini yake, na namna chama chenye fedha kidogo kinavyoweza kuzirudishia afya na kuzitumia.

Nguzo hizi zilikotoka

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Tangu hapo bidhaa nzito za mkoa huo zilipita kwa reli hadi ziwani, kisha zikapandishwa kwa magari milimani hadi Kasulu na Kibondo. Mafuta nayo yalifuata njia hiyo. Mahali palipokuwa na gari la kubeba kahawa, tumbaku, pamba au maharage palihitajiwa pia mahali pa kujaza tangi, na mahali hapo palihitaji alama ya kuonekana toka mbali.

Kampuni za mafuta zilijua kwamba wateja wao wengi hawakuwa na nafasi ya kusoma maandishi marefu, nao wengine hawakujua kusoma kabisa. Kwa hiyo zilitumia picha na rangi: kombe la Shell, ngao ya kijani na manjano ya BP, nyota ya Caltex, na mbwa mweusi wa Agip mwenye miguu sita, atemaye moto katika uwanja wa manjano. Dereva aliyetoka mbali aliitambua rangi kabla ya kuliona jina.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966, kikafanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya 30 kabla ya kugeuzwa kuwa bohari ya mafuta. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na Shirika la Maendeleo ya Petroli likaundwa mwaka 1969. Bei ya mafuta duniani ilipopanda kwa ghafla mwaka 1973, na tena mwaka 1979, nchi ilibanwa sana na uhaba wa fedha za kigeni, hata magari ya binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri pasipo kibali. Katika miaka hiyo nguzo nyingi zilisimama juu ya pampu kavu. Baadaye kampuni zenyewe zilibadilishana mikono. Biashara ya BP nchini, kwa mfano, ilichukuliwa na Puma Energy mwanzoni mwa miaka ya 2010, Serikali ikiendelea kuwa na nusu ya hisa. Kila mabadiliko yaliacha tabaka jipya la rangi juu ya lile la zamani.

Ushirika nao ulipita katika misukosuko yake. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na kazi za vyama vya msingi zikawekwa chini ya vijiji. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika kuvunjwa na kurudishwa huko mali nyingi zilihama mkono bila orodha. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ghala liliandikwa, mizani iliandikwa, lakini ni wachache walioona haja ya kuandika nguzo.

Swali la kwanza: nini kiko chini yake?

Kabla ya kuijadili rangi, chama kijiulize kama katika kiwanja hicho liko tangi lililozikwa. Pampu ya kituo haikuwa na mafuta ndani yake. Ilivuta kutoka tangi la chuma lililofukiwa ardhini. Pampu iling'olewa kwa urahisi, lakini kufukua tangi ni kazi na gharama, kwa hiyo mara nyingi liliachwa mahali pake. Inawezekana basi kwamba nguzo ndiyo alama pekee iliyosalia ya kuonyesha kwamba hapo ardhini pana tangi.

Jambo hili si dogo. Tangi lililomalizika mafuta halijamalizika hatari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutua chini, hukaa katika shimo na bomba, na cheche moja ya kuchomelea hutosha kuuwasha. Tena chuma cha tangi kinapooza, udongo wa juu unaweza kutitia chini ya gari lililobeba mazao, na mabaki ya mafuta yanaweza kufika kisimani. Chama kikiuza nguzo leo kama chuma chakavu, na mwaka kesho bodi mpya ikaamua kujenga choo au banda hapohapo, nani atakayejua?

Kwa hiyo wazee waliofanya kazi hapo waulizwe, na majibu yao yaandikwe. Patafutwe kifuniko cha mdomo wa tangi, na bomba jembamba la kupumulia ambalo kwa kawaida liliegemezwa ukutani. Ikionekana dalili yoyote, kazi isimame na taarifa ipelekwe kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na kwa EWURA, ambayo ndiyo mamlaka ya udhibiti wa mafuta. Asiruhusiwe mtu kuchungulia kwa kiberiti, wala kuteremka ndani kwa kusudi lolote.

Swali la pili: nguzo imesimama katika ardhi ya nani?

Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ilipanuliwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Nguzo iliyosimikwa kihalali zamani inaweza kuwa sasa ndani ya hifadhi. Katika wilaya ambazo lami imeingia na barabara kunyooshwa, jambo hili si la kukisia. Kamba ya kupimia ni rahisi kuliko kesi. Ikiwa nguzo imo ndani ya hifadhi, chama kiwaone TANROADS au TARURA, kwa kadiri ya barabara inayohusika, kabla ya kutumia hata senti moja. Nguzo inaweza kuhamishwa ikapandwa mbele ya ghala la chama, na huko itatumika vizuri zaidi.

Ukaguzi wa chuma

Nguzo nyingi za zamani ni mabomba ya chuma yaliyo wazi ndani. Kutu ya nje huonekana na watu wote. Kutu ya ndani ndiyo iangushayo. Kifuniko cha juu kikipotea, mvua huingia bombani na kutulia kwenye shina. Katika nyanda za Kasulu na Kibondo mvua hunyesha kwa miezi mingi, takriban toka Oktoba hadi Mei, na nguzo isiyo na kofia huwa kama chupa iliyojazwa kila mwaka.

Fundi aigonge nguzo kwa nyundo ndogo, akianza juu ya usawa wa kifua na kushuka hadi ardhini. Chuma kizima hulia; chuma kilichooza hutoa sauti butu. Kisha afukue udongo sentimita 20 kuzunguka shina na kuchoma kwa ncha ya bisibisi kwa nguvu. Mahali pa kuogopwa kuliko pote ni pale chuma kinapotoka ardhini au kwenye zege, kwa sababu hapo maji na hewa hukutana. Bisibisi ikipenya, hakuna rangi itakayosaidia. Sehemu iliyooza ikatwe na kuwekwa kipande kipya, na kazi hiyo ya kuchomelea ifanywe karakanani, si kiwanjani.

Mbolea pia ni adui wa chuma. Chumvi zake hunyonya unyevu wa hewa na kuharakisha kutu. Chama kinachoshushia mifuko ya pembejeo karibu na nguzo kisishangae kuiona ikiliwa upande mmoja.

Hatari ya rangi ya zamani

Miaka mingi iliyopita rangi za chuma zilichanganywa na madini ya risasi. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu ilikuwa na risasi kwa wingi, na rangi za manjano nazo mara nyingi zilikuwa nayo. Risasi ilifanya rangi iwe ngumu na idumu, lakini ni sumu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto huumia kuliko wakubwa, kwa sababu hudhoofisha ubongo ungali unakua. Mama mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni.

Rangi ya zamani iliyotulia juu ya nguzo haina madhara makubwa. Madhara huja inapogeuzwa vumbi au moshi, yaani katika siku ile hasa ya matengenezo. Kwa kuwa haijulikani kwa macho rangi ipi ina risasi, kila rangi ya zamani ichukuliwe kuwa nayo. Masharti ni haya:

1. Rangi isichomwe kwa moto, wala isipigwe msasa mkavu. Ilowanishwe kwa maji na kukwanguliwa ingali mbichi.
2. Nguzo ilazwe juu ya turubai au nailoni, mbali na kisima, mbali na uwanja wa kuanikia mahindi au kahawa, na mbali na shule.
3. Mfanyakazi avae glavu na barakoa nzuri ya vumbi. Asile wala kuvuta sigara kazini, na aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.
4. Magamba yote yakusanywe katika debe lenye kifuniko. Afisa afya au afisa mazingira wa wilaya aulizwe pa kuyapeleka. Yasitupwe shambani wala motoni.

Kazi yenyewe

Kazi hii ifanywe kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Hata wakati huo nyanda za juu zina umande mzito asubuhi. Chuma kilichosafishwa jioni na kuachwa usiku huamka na kutu nyepesi ya rangi ya machungwa. Kwa hiyo fundi aanze mnamo saa nne asubuhi, umande ukiisha kukauka, asafishe kiasi atakachoweza kupaka siku hiyohiyo, na aache kupaka ifikapo saa tisa alasiri.

Kwanza nguzo ipigwe picha na kupimwa. Mahali padogo pakwanguliwe taratibu, tabaka moja baada ya jingine, ili rangi zote zilizowahi kupakwa zionekane na kuandikwa. Huo ndio wasifu wa nguzo, na ukishapotea haurudi. Ndipo ishushwe kwa kamba na watu wa kutosha, baada ya kuhakikisha kwamba haitagusa nyaya za umeme.

Kibao cha zamani, kama kingalipo, kitazamwe kwa makini. Kikiwa cha enameli, uso wake si rangi bali ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwa joto kali. Hakipigwi msasa wala hakipakwi rangi. Huoshwa kwa maji, sabuni na kitambaa laini, na pale palipobanduka pakaonekana kutu hupakwa nta ili maji yasiingie. Watu wengi wameharibu vibao vizuri kwa kutaka kuving'arisha.

Nguzo iliyokwanguliwa isuguliwe kwa brashi ya waya ikiwa imelowa, ifutwe, ikaushwe, na ipanguswe kwa kitambaa chenye thina. Kisha ipakwe rangi ya kuzuia kutu isiyo na risasi, ambayo mafundi huiita praima, mara mbili. Mkono wa pili uwe na rangi tofauti kidogo na wa kwanza ili mahali palipoachwa paonekane. Kingo, maungio na vichwa vya bolti vipakwe mara ya ziada, kwa maana hapo rangi hukaa nyembamba na kutu huanzia hapo. Mwisho ifuate rangi ya mafuta, mara mbili, na kila mkono uachwe siku nzima ukauke.

Wanachama wengi huogopa gharama ya rangi. Hesabu ifanywe. Nguzo ya urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 10 ina mzingo wa sentimita 31 na kidogo, na eneo lake ni mita za mraba 1.6 hivi. Lita moja ya rangi hutosha takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Praima mara mbili ni mita za mraba 3.2, na rangi ya juu mara mbili ni kiasi hichohicho. Basi kopo la lita moja la praima na kopo la lita moja la rangi ya mafuta yanatosha, na kitabaki cha kupaka kibao na mlango wa ghala. Gharama kubwa ni kazi ya kukwangua, na hiyo ndiyo kazi ambayo mafundi wasio waaminifu huiruka. Rangi nzuri juu ya kutu haipiti masika mawili.

Nguzo inaporudishwa, kofia ya chuma ichomelewe juu yake kabla ya kupakwa rangi. Zege la shina lipande sentimita 10 juu ya ardhi na litelemke pande zote ili maji yakimbie. Timazi itumike, maana nguzo iliyoinama huaibisha hata rangi nzuri.

Kibao kiandikwe nini?

Hapa pana jambo la haki. Alama ya kampuni ni mali ya kampuni hiyo. Chama kinachouza mafuta leo kisirudishe kombe au ngao ya zamani juu ya pampu yake. Kufanya hivyo ni kumdanganya mnunuzi, na sheria hairuhusu. Kibao halisi cha kale kinaweza kuhifadhiwa ndani ya ofisi kama kumbukumbu, chini yake pameandikwa kilitoka wapi. Juu ya nguzo liandikwe jina la chama chenyewe.

Herufi ziwe kubwa na chache. Kwa kukadiria, herufi ya sentimita 10 husomeka kwa utulivu katika mita 30. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 katika sekunde moja, kwa hiyo dereva hupata sekunde mbili tu. Herufi za sentimita 20 humpa sekunde nne, naye huweza kusoma jina na kupunguza mwendo. Rangi nyeusi juu ya manjano, au nyeupe juu ya kijani kizito, huonekana hata barabara ikiwa na vumbi. Kizuri chajiuza, lakini hata kizuri chataka kionekane.

Uamuzi ni wa wanachama

Chukuliwe mfano wa chama ambacho bodi yake imeletewa bei na mnunuzi wa vyuma. Fedha ni taslimu na kiangazi kina mahitaji mengi. Bodi inaweza kuuza kwa saini tatu, na hakuna atakayelalamika siku hiyo. Lakini kwa saini hizo chama kitakuwa kimeuza alama ya tangi lake, kielelezo cha mpaka wa kiwanja chake, na kibao ambacho kingegharimu makopo mawili ya rangi na jasho la siku chache. Inawezekana pia kwamba nguzo imeoza, inatishia wapita njia, na kuuzwa ndiko kunakofaa. Katika hali zote mbili uamuzi ufanywe baada ya ukaguzi, uletwe mkutanoni, na uandikwe katika muhtasari.

Kwa hiyo yafaa kila chama cha msingi kifanye mambo matatu kabla ya mkutano wake mkuu ujao: kuiandika nguzo katika daftari la mali pamoja na vipimo na picha yake, kuwahoji wazee kuhusu tangi, na kupima umbali kutoka katikati ya barabara. Mambo hayo matatu hayahitaji fedha. Yanahitaji daftari, kamba na asubuhi moja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kutu haina haraka, lakini hailali.

Ushirika ni nguvu.